Fisi wa Colobane

Mjomba wangu hawezi kutazama sinema kimya. Ujana wake ulipita kwenye vibanda umiza vya Temeke, juu ya mabenchi ya mbao, ambako ukimwona jambazi ananyemelea mlangoni ni wajibu wako kumtahadharisha stelingi kwa sauti. Mpaka leo, na miaka yake sitini na kitu, bado anamtahadharisha. Kwa hiyo nilipomwekea Touki Bouki, filamu ya Msenegali Djibril Diop Mambéty, sebuleni, usiku mmoja wa Ramadhani baada ya tarawehe, nilijua tutaongea mwanzo mwisho. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, nikawa namtafsiria, naye anauliza. Pikipiki hii mbona ina pembe? Huyu binti mbona kavaa kiume? Ng'ombe walipoanza kuchinjwa alisogeza kikombe cha kahawa kando, akasema, "Mjomba, hii sinema au machinjio ya Vingunguti?"

Halafu tukafika bandarini, akanyamaza.

Pale bandarini Mory, yule kijana wa pikipiki, ana kila kitu. Suti anayo, ya wizi lakini imemkaa. Anta, mpenzi wake, ameshatangulia kupanda. Meli ni nyeupe na kubwa, inakwenda Ufaransa, na Mory ameota safari hiyo filamu nzima. Amefika kwenye ngazi. Honi ya meli inalia, na papo hapo picha inakatwa: ng'ombe anaburutwa kwa kamba kwenda kuchinjwa, shingo imenyooka, kwato zinateleza. Honi tena, ng'ombe tena. Mory anageuka, anaanza kukimbia, anaipita bandari, anaingia mjini, anakimbia kama mtu anayefukuzwa na kitu ambacho sisi hatukioni. Anta anabaki kwenye meli.

"Miguu imekataa," Mjomba akasema baada ya muda mrefu. "Miguu ikikataa, mjomba, huna la kuifanya."

Kisa chake nakijua tangu utotoni. Mwaka 1989 yeye na rafiki yake walipanga kuzamia. Meli walishaichagua, saa walishaijua, biskuti na maji wamefunga kwenye mfuko wa rambo. Rafiki yake akapanda kwa kamba. Mjomba akafika mpaka ubavuni mwa meli, akaweka kiganja juu ya chuma, akageuka, akatembea kwa miguu mpaka nyumbani Temeke. Baada ya mwaka mmoja na nusu ikaja barua kutoka Piraeus, Ugiriki, na ndani yake picha ya yule rafiki amevaa koti refu la baridi. Haikuja nyingine. Nimemsikia Mjomba akisimulia mara nyingi na hajawahi kusema alifanya vema au alikosea. Kila mara anaishia kwenye kiganja: chuma kilikuwa cha moto, anasema, ingawa ulikuwa usiku.

Ndiyo maana nataka kuandika kuhusu mtu aliyetengeneza filamu ile. Watu wengi hapa kwetu ukiwatajia sinema za aina hii wanakuambia ni za wasomi, ni ngumu, hazina stori. Mimi nilimwona mzee wa vibanda umiza akiielewa kwa mwili wake kabla sijamaliza kutafsiri sentensi.

Djibril Diop Mambéty alizaliwa mwaka 1945 Colobane, kitongoji cha Dakar, katika familia ya shekhe, watu wa kabila la Walebu, ambao ni wavuvi wa pwani ile. Hakusomea filamu mahali popote. Alianza kama mwigizaji katika ukumbi wa taifa wa Daniel Sorano, wakamfukuza kwa sababu za nidhamu, akashika kamera. Senegal wakati huo tayari ilikuwa na Ousmane Sembène, mzee wetu wa sinema, ambaye filamu zake zinajenga hoja hatua kwa hatua: hili ndilo tatizo, hiki ndicho chanzo, huyu ndiye anayefaidika. Sembène namheshimu mno. Lakini Mambéty alikuja na kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiomba. Filamu yake fupi ya kwanza, Contras' City ya mwaka 1968, inazunguka Dakar ikiweka majengo ya fahari ya Kifaransa kando ya vichochoro na masoko, huku sauti zinabishana juu ya picha. Mwaka 1970 akatoa Badou Boy, kisa cha mtoto mtukutu wa mtaani anayekimbizwa na polisi mnene, ikapata tuzo ya fedha kwenye tamasha la Carthage, Tunisia. Zote mbili zinapendeza. Ukizitazama unaona kijana anajaribu vidole.

Kisha mwaka 1973, akiwa na miaka 28 na bajeti ya kama dola 30,000, akatengeneza Touki Bouki.

Kisa chenyewe unaweza kukisimulia kwa pumzi moja. Mory alikuwa mchunga ng'ombe, sasa anazurura Dakar na pikipiki iliyofungwa fuvu la ng'ombe lenye pembe ndefu mbele. Anta ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Wanataka kwenda Paris, pesa hawana, kwa hiyo wanaiba. Kwanza wanaiba sanduku kwenye uwanja wa mieleka, wakidhani lina mapato ya siku ile, na mapato yenyewe yalikusudiwa kujengea mnara wa kumkumbuka De Gaulle. Sanduku linapofunguliwa mna fuvu la mtu. Baadaye wanamwibia tajiri mmoja nguo zote za kabatini pamoja na gari lililopakwa rangi za bendera ya Marekani. Wakapata tiketi. Basi, ni hivyo tu.

Ila Mambéty hakukisimulia kwa pumzi moja. Wimbo wa Josephine Baker unaotaja Paris unarudi na kurudi kama santuri iliyokwaruzwa, kipande kilekile kitamu, mpaka jina la mji linakuwa dua, kisha linakuwa kero, kisha linakuwa dua tena. Tarishi anapita na barua zake, anakatiza uchochoroni, baadaye anakatiza tena, hana uhusiano wa moja kwa moja na lolote. Mory na Anta wanapolala pamoja juu ya majabali ya bahari hatuwaoni. Tunaona mkono wa Anta umeshika msalaba wa chuma ulio nyuma ya pikipiki, na tunasikia mawimbi. Kuna msafara wa kifahari wa Mory akishangiliwa kama mfalme aliyerudi kutoka ng'ambo, na shangazi aliyekuwa akimtukana kwa deni la wali sasa anamwimbia sifa. Hayo yote yanatokea kichwani mwake, lakini filamu haikuambii. Inakuacha ukae ndani ya ndoto na kutoka mwenyewe.

Nimeirudia filamu hii labda mara nane na kinachonishika zaidi ni sauti. Injini ya pikipiki inaendelea kunguruma wakati pikipiki haipo. Ndege wa baharini wanalia mahali pasipo bahari. Sauti za Mambéty hazimfuati mwenye nazo. Zinakufuata wewe, kama harufu ya samaki inavyoingia na mtu ndani ya daladala. Ndiyo sababu ule mkato wa honi na ng'ombe unaumiza vile. Tulishawaona wale ng'ombe mwanzoni kabisa, wakija malishoni na mtoto aliyepanda mgongoni mwa mmoja wao, filimbi inapigwa taratibu, halafu bila onyo tuko machinjioni na damu inatapakaa sakafuni. Hakuna maelezo. Saa nzima na zaidi inapita, unasahau. Kisha honi inalia, na mwili wa Mory unakumbuka kwa niaba yako.

Touki bouki ni Kiwolof, maana yake safari ya fisi. Wawolof wanasimuliana hadithi za Leuk na Bouki, sungura na fisi, na yeyote aliyelala kwenye mkeka wa bibi upande wetu huu anawajua wote wawili: sungura mjanja, fisi mlafi, na aibu mwishoni ni ya fisi. Sisi tunayo pia methali ya njia mbili zilizomshinda fisi. Alisikia harufu ya nyama inatoka njia zote mbili, akataka kwenda kote, akapasuka msamba. Nilipokuwa mdogo niliambiwa methali hiyo kila nilipotaka vitu viwili, kwa hiyo nikaamini inahusu tamaa.

Baada ya Touki Bouki siamini hivyo tena. Fisi wa Mambéty ana haki ya kusikia harufu zote mbili. Nyama ya kweli iko Paris na nyama ya kweli iko Dakar, na anayemcheka pale njia panda hajawahi kuwa na njaa. Wale Wafaransa wawili waliomo melini, walimu wanaorudi kwao, wanazungumza juu ya sanaa ya Kiafrika kwa dharau laini ya watu wenye mshahara mzuri, na hao ndio Anta anakwenda kuishi miongoni mwao. Mory naye anarudi kwenye nini? Pikipiki yake imeshaibwa na kupondwa, pembe zimevunjika, anakaa kwenye ngazi na vipande vyake. Mambéty haoneshi kidole. Mtoto mchungaji anatokea tena na ng'ombe wake, na tunabaki hatuna hakika hata kama safari ilikuwapo.

Meli yenyewe ilikuwa ya kweli, iliitwa Ancerville, ikifanya safari za Marseille na Dakar. Mwaka uleule filamu ilipotoka iliuzwa China, ikabadilishwa jina, na leo imekaa nchi kavu huko Shekou, Shenzhen, imegeuzwa hoteli na mahali pa starehe. Nilipomwambia Mjomba hivyo alitikisa kichwa tu.

Filamu ilipata tuzo ya wahakiki Cannes na nyingine Moscow, na mwaka 2008 mfuko wa Martin Scorsese ukaikarabati huko Bologna, ndiyo maana sisi tunaipata leo na rangi zake. Baada yake Mambéty alikaa karibu miaka ishirini bila filamu ndefu. Katikati kuna kipande kimoja tu cha kutajwa, Parlons grand-mère cha mwaka 1989, alichopiga akiwa pamoja na Idrissa Ouédraogo huko Burkina Faso wakati Yaaba, filamu ya Ouédraogo, inatengenezwa. Jina lake ni kama kusema, tuzungumze, bibi. Kwa Mambéty bibi ndiye chuo cha sinema. Katika mahojiano alipenda kueleza kuwa filamu unaitengeneza kwa kufumba macho: ukiyabana utaona vinukta vya mwanga, ukizidi kubana vinakuwa watu, maisha yanaumbika, na ukifumbua filamu ipo. Nilipolisoma hilo nilikumbuka jinsi tulivyokuwa tukisimuliwa gizani, umeme umekatika, na kila mmoja akimwona zimwi wake.

Hyènes, yaani fisi, ilitoka mwaka 1992, na hii ndiyo ningewawekea watu wote wanaosema sinema ya aina hii haina stori. Stori ameichukua kwenye tamthilia ya Friedrich Dürrenmatt wa Uswisi kuhusu bibi tajiri anayerudi mjini kwao, akaihamishia Colobane yake mwenyewe. Linguère Ramatou anarudi akiwa kikongwe, ana mguu na mkono wa dhahabu, na watu wanasema ni tajiri kuliko Benki ya Dunia. Alifukuzwa akiwa binti mdogo, mjamzito, kwa sababu kijana aliyempa mimba, Dramaan Drameh, aliwahonga watu wawili watoe ushahidi wa uongo. Sasa Dramaan ni mzee mpole mwenye duka la vyakula na vinywaji, anapendwa na mtaa. Ramatou anawaahidi utajiri usiohesabika. Sharti lake moja: muueni Dramaan.

Wanakataa kwa hasira, wana heshima zao. Kesho yake mteja anaingia dukani kwa Dramaan, anachukua tumbaku nzuri kuliko ya siku zote, anasema andika. Mwingine anachukua kinywaji cha bei, andika. Dramaan anaandika. Kisha anatazama chini na kuona wote wamevaa viatu vipya vya njano, kutoka Burkina Faso. Hakuna aliyesema neno. Viatu vinasema. Zinakuja friji, yanakuja mafeni, wanawake wanashangilia, na kila kitu ni cha mkopo, na dhamana ni shingo ya mtu aliyeshika daftari. Sijui kama lugha nyingine ina maneno yanayoifaa filamu hii kama yetu: kukopa harusi, kulipa matanga.

Hii nayo niliitazama na Mjomba, na hapa aliirudia sauti yake. Alisema viatu vile anavijua. Miaka ya ruksa, bidhaa zilipoanza kujaa Kariakoo baada ya ukame wa foleni za sabuni, aliona watu wazima wakibadilika kwa ajili ya redio kaseti. Sikumpinga; nilikuwa mtoto. Ila nilifurahi kwamba Mambéty, ambaye filamu yake ilitoka wakati masharti ya wakopeshaji yanatembea Afrika nzima, hakuweka hotuba hata moja ya uchumi. Aliweka viatu.

Tena kuna jambo linalotuhusu sisi wa upande huu. Hyènes inaanza na tembo wanaotembea, miguu mizito ndani ya vumbi, kisha miguu hiyo inageuka kuwa ya watu wa Colobane. Mambéty mwenyewe alieleza kwamba alitaka filamu iwe ya bara zima, ndiyo maana tembo aliwaazima kwa Wamasai wa Kenya, fisi akawatoa Uganda, na watu ni wa Senegal. Na mwisho wake siufichi, kwa kuwa kuujua hakukuokoi: wanaume wa mji, wamevaa magunia, wanamzunguka Dramaan, duara linabana, linabana, kisha linaachana, na pale chini limebaki koti lake. Mwili haupo. Fisi hawaachi mabaki.

Alipanga filamu tatu ndefu kuhusu nguvu ya pesa na wazimu wake. Ya tatu hakuwahi kuipiga. Jina alishaipa: Malaika. Kila nikilifikiria jina hilo, nikisikia lilivyo letu bila tafsiri, nahisi kama mtu aliyeandikiwa barua ikapotea njiani.

Badala yake aligeukia filamu za dakika arubaini na kitu, alizoziita hadithi za watu wadogo. Le Franc ya mwaka 1994 ilizaliwa na jambo lililowapiga Waafrika wa nchi nyingi kwa mkupuo: Januari ya mwaka huo thamani ya faranga ya CFA, sarafu ya nchi hizo, ilikatwa nusu, kutoka 50 kwa faranga moja ya Ufaransa hadi 100. Marigo ni mwanamuziki fukara. Mama mwenye nyumba amemshikilia kongoma yake kwa deni la kodi. Kongoma ni kisanduku cha vyuma vinavyopigwa kwa vidole, ndugu wa marimba za Wagogo. Marigo ananunua tiketi ya bahati nasibu, na kwa kuogopa wezi anaibandika kwa gundi kwenye mlango wa chumba chake, kisha anaifunika kwa picha ya shujaa wake. Tiketi inashinda. Haibanduki.

Basi anang'oa mlango. Anaubeba mgongoni na kichwani, Dakar nzima, mitaroni, barabarani, juu ya paa la basi, mtu na mlango wake dhidi ya upepo. Anafika ofisini, anaambiwa namba ya uhakiki iko nyuma ya tiketi, upande ulioshikana na mbao. Nilicheka na Mjomba alicheka, kisha hatukucheka tena, maana kila mmoja wetu amewahi kusimama dirishani na karatasi sahihi iliyogeuzwa upande usiotakiwa. Marigo anaupeleka mlango baharini ili maji yalegeze gundi. Wimbi linamchapa, mlango unakwenda zake, anapiga kelele kama aliyefiwa, halafu anaona tiketi imemnasa usoni mwake mwenyewe. Anacheka juu ya jabali, mawimbi yanapasuka nyuma yake, na kicheko kile kinaendelea kiasi kwamba huwezi kusema kama ni cha furaha.

Mambéty alifariki Paris, Julai 1998, kwa saratani ya mapafu, ana miaka 53. La Petite Vendeuse de Soleil, filamu ya binti muuza magazeti, ilitoka mwaka uliofuata, ikiwa na muziki wa mdogo wake, Wasis Diop. Ukoo ule haujaacha kazi: Mati Diop, binti wa Wasis, alimfuata Magaye Niang, aliyekuwa Mory, akamtengenezea filamu ya Mille Soleils mwaka 2013. Niang alibaki Dakar. Ndani ya filamu hiyo yuko mzee na ng'ombe wake, anapiga simu Alaska kumtafuta Anta wake wa zamani. Hiyo bado sijamwonesha Mjomba. Nasubiri.

Ya binti muuza magazeti nilimwonesha usiku wa tatu. Sili anatembea kwa magongo, analala barabarani na bibi yake kipofu anayeimba kwa sadaka. Anaamua kuuza magazeti kama wavulana. Anachagua Soleil, gazeti la serikali, ingawa wavulana wanamwambia linalonunuliwa ni jingine, la wananchi; anajibu kwamba analiuza ili serikali iwe karibu na wananchi. Siku ya kwanza anapewa nakala 13, tajiri mmoja anazinunua zote. Polisi anamwona na noti kubwa, anasema ameiba. Sili anakwenda naye kituoni kwa magongo yake, anadai haki yake mbele ya mkubwa, anatoka, na anamtoa na mwanamke mwingine aliyefungiwa mle bila kosa. Kisha ananunulia wenzake vinywaji, anavaa gauni la njano na miwani ya jua, anacheza. Mjomba alikuwa akimtahadharisha muda wote. "Angalia nyuma, mama. Wale wanakuja. Angalia nyuma."

Na kweli wanakuja. Wavulana wanamnyang'anya gongo na kukimbia nalo. Babou, rafiki yake, anashindwa kulirudisha. Anamuuliza, sasa tunafanyaje? Sili anasema, tunaendelea.

Mjomba aliomba nirudishe nyuma kidogo. Nikadhani hakusikia maneno. Alitaka kuona tena Babou anavyoinama, ili Sili apande mgongoni.